Hapa Hatukati

Katika duka lile la kukodisha magauni ya harusi sheria ilikuwa moja, na kila fundi aliyepita pale aliambiwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: hapa hatukati. Bibi harusi akiwa mwembamba, gauni linakunjwa kwa ndani na kupigwa bandi, ule ushonaji wa mkono wa nyuzi ndefu ndefu unaofumuka ukivutwa uzi mmoja tu. Akiwa mfupi, pindo linapandishwa kwa bandi. Akiwa hana kifua, anawekewa sponji, na sponji nayo inashikizwa kwa bandi. Akishaolewa, gauni linarudi na madoa ya keki, uzi unavutwa, na gauni linakuwa kama halijawahi kumjua mtu.

Fundi wa duka aliitwa Mama Pini. Jina alipewa na mpiga pasi, kwa sababu saa zote za kazi midomo yake ilikuwa imebana pini, na ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Mpiga pasi mwenyewe aliitwa Pasi, kwa hiyo hakuna aliyemwonea mwenzake. Mwenye duka walimwita Madam mbele yake. Akigeuka tu, walimwita Wiki Ijayo.

Jina hilo nalo halikuja bure. Mama Pini alipoanza kazi, chumba cha fundi kilikuwa stoo ya nyuma isiyo na dirisha, yenye taa mbili ndefu za tyubu, moja ikiwa na kigugumizi. Kushona shanga nyeupe juu ya lesi nyeupe chini ya taa ya namna hiyo ni kujipofusha taratibu huku ukilipwa. Madam alimwambia avumilie kidogo. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, kilikuwa kinakarabatiwa, na wiki ijayo angehamia huko na cherehani yake. "Utapata mwanga mpaka uombe pazia," alimwambia.

Chumba kilikarabatiwa kweli. Yakawekwa humo masanamu ya kuvalisha nguo, yasiyo na vichwa.

"Hawa hata macho hawana," Pasi alisema, "lakini mwanga wamepewa wao."

Ikaja ahadi ya msaidizi. Ikaja ahadi ya kupumzika baadhi ya Jumamosi. Ikaja ile kubwa, ya kuwa msimamizi wa tawi jipya, na tawi likafunguliwa kwa maputo na muziki, na msimamizi akawa wifi yake Madam, mwanamke aliyempigia simu Mama Pini asubuhi ya kwanza kumuuliza zipu ya gauni huwa inakaa mbele au nyuma.

"Na ukamjibu?" Pasi aliuliza.

"Nilimwambia avae kwanza, akishindwa kupumua ageuze."

Watu hushangaa mtu anabakije mahali kama hapo. Hubaki hivi hivi, siku kwa siku. Mama Pini alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Cheti chake cha chuo cha ushonaji kilikuwa kimening'inia sebuleni mpaka kikageuka rangi ya chai. Kila alipokuwa ameshafikia mwisho, ameshapanga hata maneno ya kuagia, Madam angeingia stoo na ahadi mpya, imenyooka, ina moto, kama nguo iliyotoka kwenye pasi sasa hivi. Alikuwa na pua ya mambo hayo. Alijua mtu anayetaka kuondoka kama mbwa anavyojua mtu anayeogopa.

Ndivyo ilivyokuwa hata safari hii ya gauni. Binti yake Mama Pini alikuwa amechumbiwa, na Mama Pini alikuwa ameshajiambia kwamba mtoto akiolewa tu, naye anaondoka. Hakumwambia mtu. Lakini mchana mmoja Madam aliingia stoo, akavuta kiti cha wafanyakazi, akakikalia bila kukipangusa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mkononi alikuwa na gauni jipya: lesi ya mikono mirefu, shanga kiunoni, halijakodishwa hata mara moja.

"Hili ni la binti yako," alisema.

Mama Pini alizitema pini kiganjani. "La kukodi?"

"Kukodi kitu gani? Lake. Likate limkae."

"Nilikate, Madam?"

"Kata, nimesema. Mtoto aliyekulia dukani mwangu aolewe na gauni la bandi? Watu watanionaje?"

Pasi alikuwa pale pale, pasi mkononi. Aliiweka pembeni ili asikie vizuri.

Basi Mama Pini akakata. Miaka yote ile mkasi wake mkubwa ulikuwa haujakata chochote dukani isipokuwa nyuzi na lebo, na sauti yake ikipita kwenye lesi ilimpa raha ambayo hakuitarajia. Binti yake alikuwa na kiuno cha nyigu, mabega ya marehemu baba yake. Alimpima kwa mikono, kama unavyompima mtoto uliyemwogesha. Kisha akafanya kitu ambacho fundi yeyote mwenye akili hakifanyi: akakata hata kile kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani ya mshono kwa ajili ya siku mtu akinenepa. Alitaka gauni lilale mwilini bila uvimbe hata mmoja. Vipande akavitupa kwenye pipa, akafagia, pipa likaenda na taka za mtaa.

Binti alipolijaribu, alijitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena, halafu akamwita rafiki yake kwa simu, na kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika hadi kwa mawifi watarajiwa.

Kosa likawa moja tu. Madam aliomba gauni libaki dukani mpaka karibu na harusi. "Lituletee wateja," alisema, "watu waone kazi yako." Na Mama Pini, kwa kupenda kusikia maneno hayo, akakubali.

*

Jumatatu ya wiki ya harusi aliitwa chumba cha mbele. Alienda na pini zake mdomoni na futi kamba shingoni, akidhani ni kupandisha pindo la mtu.

Kwenye kile kijukwaa mbele ya kioo alisimama msichana mnene kiasi, mwenye sura ya upole, amevaa gauni la binti yake. Mgongoni zipu ilikuwa imekwama katikati kama lori kwenye tope, na nyama nzuri za watu zimefurika pande zote mbili. Shangazi yake alikuwa kwenye sofa na soda, mikufu inalia kila akipumua. Ukoo wao ulijulikana mjini, na wapambe wote walikuwa wanakuja kukodi pale pale.

"Fundi," shangazi alisema, "gauni limekataa, au mtoto wetu kala harusi kabla haijapikwa?"

"Shangazi, jamani!" msichana alilalamika.

"Nauliza tu. Mimi mbona naolewa nilikuwa mnene kuliko hapo na walinifunga."

Madam alicheka kicheko chake cha wateja. "Mtoto hana tatizo. Ni fundi wetu huyu. Alilikata. Hapa huwa hatukati kabisa, lakini binadamu hukosea. Atalirekebisha, sivyo Mama Pini?"

Pini zilikuwa bado mdomoni. Mama Pini alilazimika kuzitoa, moja, nyingine, nyingine, na chumba kizima kikimsubiri, na ghadhabu yake ikisimama kwenye foleni nyuma ya pini.

"Madam," alisema alipomaliza, "hilo ni gauni la binti yangu."

Madam hakupepesa jicho. Alimgeukia shangazi kwa tabasamu. "Mnaona mafundi wetu wanavyoipenda kazi? Kila gauni kwao ni mtoto."

Shangazi akacheka mpaka soda ikampalia. Msichana peke yake ndiye aliyemtazama Mama Pini kupitia kioo, kwa wasiwasi, kama mtu aliyekanyaga kitu na hajajua ni nini.

Stoo, mlango ulipofungwa, Mama Pini hakuzunguka.

"Ulisema ni lake."

"Nilisema atalivaa. Si atalivaa? Jumamosi ikipita, hata akitaka kulilalia, ruksa."

"Anaolewa Jumamosi hiyo hiyo."

"Kwani mimi ndiye niliyepanga tarehe? Mwenzangu, yule ni mteja wa maana. Mabinti wanaomsindikiza ni kundi zima. Binti yako mzuri, hata gunia linampendeza, tumchagulie jingine hapo, tulipige bandi, nani atajua?"

"Ulisema nikate."

"Nikuambie ukate mimi? Kwenye duka hili?"

"Pasi alikuwepo." Mama Pini aligeuka. "Ndugu yangu, hakusema?"

Pasi alikuwa ameinama juu ya shela, akilinyoosha mahali palipokuwa pameshanyooka. Mvuke ulimpanda usoni. Alichelewa kujibu, na Mama Pini akajua jibu kwa ule uchelewaji.

"Mimi pasi hii ikishika moto huwa inapiga kelele sana," alisema. "Sisikii mengi."

Madam akashusha pumzi, akaibadilisha sauti, ikawa ya dada mkubwa. Alijua, alisema, kwamba hakuna mwingine wa kulifungua gauni lile mgongoni, kulitia kipande na kamba za kupishanisha kama za kiatu, likamtosha mteja kabla ya Ijumaa. Wifi yake asingeweza hata akishikwa mkono. "Nifanyie hilo moja. Na kile chumba cha dirisha ni chako. Wiki ijayo. Masanamu nayatoa mwenyewe."

Mama Pini alirudisha pini mdomoni ili asijibu.

*

Binti yake alikuwa anachambua mchele mezani alipoingia nyumbani. Mama Pini alimwambia akiwa bado na viatu miguuni. Hakujua namna nyingine ya kutoa habari mbaya. Ukiipaka sukari inachukua muda tu kufika.

Binti aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Sawa," alisema.

"Usiniambie sawa. Kasirika."

"Nimkasirikie nani? Yeye simjui. Mimi hakuniahidi kitu."

"Niliacha kumwamini siku nyingi, mwanangu, lakini safari hii alisema mbele ya..."

"Mama, wewe ndiye uliyeniahidi." Aliinua uso. Hakuwa na machozi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisema utakuja mahafali yangu kwa kuwa Jumamosi unapewa mapumziko. Nilikuwekea kiti. Ulisema tutahama kwa kuwa unakuwa msimamizi, nikaaga hadi majirani. Ulisema macho yako yatapona ukipata dirisha. Anakuambia neno yeye, unalibeba unakuja nalo hapa, unanipa kama lako. Sasa na mimi nimewaambia wakwe. Unaona linavyotembea?"

Mama Pini akakaa. Viatu bado miguuni.

"Basi naacha kazi," alisema. "Kesho."

"Usinipe hiyo pia," binti alisema, akasimama kwenda kuosha mchele.

Yaliyobaki ya jioni ile yalikuwa maji, sufuria, na mlango wa chumba uliofungwa taratibu. Mama Pini alipiga hesabu zake peke yake. Jumapili nyumba ingekuwa tupu. Akiacha duka, angekuwa anaamka kwenye nyumba tupu kwenda mahali gani? Umri wake si wa kuanza kubisha hodi kwa mafundi vijana wenye vichwa vya kunyolewa pembeni. Akibaki, atapewa gauni la bandi la binti, atashona, atanyamaza, na mambo yatapita. Yamekuwa yakipita hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba safari hii aliona yanapita wapi. Yalikuwa yanapita juu ya mtoto wake.

*

Asubuhi alienda kazini kama kawaida. Ningependa kusema aliingia akiwa ameamua, lakini miguu ina mazoea yake. Aliwasha taa, moja ikawaka, nyingine ikaanza kigugumizi. Akalilaza gauni mezani, akajaza pini mdomoni, akashika kile kisu kidogo cha kufumulia, akatafuta mwanzo wa mshono. Pasi hakumsalimia, wala hakupiga mluzi wake wa asubuhi.

Mshono wenyewe alikuwa ameushona vizuri mno. Uzi haukuonekana. Alilazimika kuivuta lesi karibu na pua, akakodoa macho hadi yakatoa maji, na bado hakuupata. Kazi yake mwenyewe ilikuwa inamkatalia.

Madam akachungulia mlangoni, funguo zinacheza kidoleni. "Vipi, linakwenda?"

Mama Pini akaitikia kwa nyusi.

"Ndiyo maana nakupenda. Na binti asinune, eh? Mwambie wiki ijayo gauni ni lake kabisa kabisa. Wakapige hata picha upya. Mwambie nimesema mimi."

Mwambie.

Mama Pini aliweka kisu chini. Akaanza kutoa pini. Safari hii hakuzitoa kwa haraka, na Madam, ambaye hakuzoea kusubiri, akasubiri.

"Simwambii," alisema.

"Humwambii nini?"

"Simwambii kitu chako tena. Nimekubebea vya kutosha. Ukiwa na neno na binti yangu, nyumba unaijua, nenda ukamwambie kwa mdomo wako."

"Mama Pini, usiniharibie siku. Mteja anakuja kujaribu shela."

"Namhurumia, mtoto wa watu hana kosa. Lakini mgongo huu siufungui." Alianza kukusanya: mkasi wake mkubwa, futi kamba, miwani ya pili, kopo la vifungo lililokuwa lake tangu chuoni. Pini akaziacha. Zilikuwa za duka. "Naondoka. Na gauni hili nipe, kwa sababu halimtoshi mwanamke mwingine yeyote chini ya jua. Unalijua hilo."

Hapo ndipo Madam alipoacha udada. "Hilo ni mali ya duka. Na ukitoka mlango huo, usije ukaniletea uzee wako hapa mwezi ujao."

"Mwezi ujao? Leo umenishangaza. Nilidhani utasema wiki."

Pasi akatoa sauti puani, akaigeuza kikohozi. Madam akatoka, visigino vikigonga. Mama Pini alipofika mlangoni na mfuko wake, Pasi akamfuata hatua kadhaa.

"Dada, nisamehe. Nina watoto."

"Najua unao. Hata mimi ninaye."

"Ningesema, lakini..."

"Rudi ukaangalie pasi yako, inaunguza shela."

Ilikuwa inaunguza kweli.

*

Kitambaa alikinunua mwenyewe, cheupe, cha kawaida, kisicho na lesi wala shanga. Akakitandaza kwenye meza ya kulia. Binti alisimama juu ya kigoda akiwa na shimizi, mikono imeinuliwa, mwenye uso wa mtu anayedungwa sindano. Walikuwa hawajaongea vizuri tangu ile jioni ya mchele.

Simu ikalia. Ilikuwa Pasi, ananong'ona, pengine kutoka chooni.

"Dada, yule mteja amechukua jingine. Lile la mabega wazi. Alilivaa, likamkaa, wakaondoka. Hata soda ya shangazi haikuisha."

Mama Pini aliweka chaki chini. Yote yale, kumbe lilikuwapo jingine pale pale, hatua chache tu. "Na letu?"

"Liko dirishani. Kwenye sanamu. Hata sanamu ilibidi tutafute jembamba."

"Mwambie anipe. Atalifanyia nini?"

"Nilimwambia. Nilijikaza, dada, nikamwambia kabisa."

"Akasemaje?"

"Si unamjua. Kasema wiki ijayo."

Mama Pini akakata simu. Alichukua mkasi, akauweka kwenye alama ya chaki.

"Utakata kabisa?" binti aliuliza kutoka juu ya kigoda. "Siyo bandi?"

"Kabisa."

"Ukikosea?"

"Nikikosea utaolewa na kosa langu. La kwangu mwenyewe."

Mkasi ukapita. Binti alisubiri hadi ulipofika mwisho wa kitambaa.

"Na Jumatatu, Mama? Utakwenda wapi?"

Mdomoni mwa Mama Pini majibu yalijipanga yenyewe, ya mteja mmoja mmoja wa nyumbani, ya rafiki mwenye duka la mapazia, ya kila kitu kitakaa sawa. Aliyaona yalivyo. Akayaacha yapite.

"Sijui," alisema.

Binti alishusha mikono. Kisha alinyoosha mkono mmoja akamshika mama yake begani, kwa kujiegemeza tu, kigoda kilikuwa kinayumba. Akauacha hapo hapo.

Jumamosi gari la harusi lilipita barabara ile kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Foleni ikawasimamisha mbele ya duka, ikawakalisha. Binti alitazama mara moja, akageuza uso, akaanza kulinyoosha gauni lake jeupe magotini mahali palipokuwa pameshanyooka. Mama Pini hakugeuza uso. Gauni lilisimama pale juu ya sanamu lisilo na kichwa, na jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumba kizima, mpaka kutoka barabarani, kwa macho yake hayo hayo mabovu, aliweza kuona kila ushanga aliouweka na mshono wa kiuno aliokuwa ameutafuta stoo akaukosa.

Kuhusu mwanga wa chumba kile, Madam hakuwa amedanganya.